Senene Mezani, Kumbikumbi Mafichoni

Novemba 2021, ndani ya ndege ya Uganda Airlines iliyokuwa safarini kwenda Dubai, abiria mmoja alisimama katikati ya safu za viti akiwa na mfuko wa senene, akaanza kuwauzia wenzake. Video ya tukio hilo ilisambaa Afrika Mashariki nzima. Shirika lilikemea biashara ya aina hiyo ndegeni, wahusika wakatiwa mbaroni. Kisha likaongeza jambo ambalo wengi hawakulitarajia: linafikiria kuwaingiza senene kwenye orodha ya vyakula wanavyoandaliwa abiria.

Kilichokemewa ni uchuuzi. Senene wenyewe walitoka salama, tena wakiwa na hadhi zaidi ya waliyopanda nayo.

Sasa tumwondoe senene mfukoni, tumweke kumbikumbi. Wote wawili huja na mvua. Wote huvutwa na taa usiku, wote hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo, na wote wamelisha watu wa pande zote za Ziwa Viktoria tangu enzi na enzi. Lakini ni nadra kumkuta msafiri wa Kakamega amefungasha kumbikumbi ampelekee bosi wake Nairobi, ilhali Mhaya wa Dar es Salaam asipoletewa senene msimu ukifika huona kama nyumbani wamemsahau. Mmoja amekuwa zawadi. Mwingine amebaki chakula cha ndani, ambacho mgeni akipiga hodi sahani hufunikwa. Tofauti hii inastahili kuchambuliwa, kwa sababu inaeleza jambo ambalo hoja ya kinyaa na hoja ya protini zote mbili zimeshindwa kulieleza. Naamini mtu anapokiangalia chakula kigeni, kwanza humwangalia anayekila, na hujiuliza kama angependa kufanana naye.

Kinyaa ni hisia ya kweli, wala asibezwe anayeipata. Mwanasaikolojia wa Marekani Paul Rozin aliichunguza kwa miaka mingi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1986, yeye na wenzake walichovya kwenye juisi mende mfu aliyekwisha kuuliwa vijidudu vyote, kisha wakamtoa. Watu waliikataa juisi ile, ingawa walielezwa kwamba mende hakuwa na madhara yoyote. Suala la afya lilikuwa limejibiwa, na bado mdomo uligoma kufunguka. Utafiti wake ulionyesha pia kwamba watoto wadogo kabisa hawana kizuizi hicho. Huweka mdomoni karibu kila wanachokiokota, hadi wakubwa watakapowafundisha kukunja uso. Kila mama aliyewahi kumpokonya mtoto anayetambaa jongoo aliye nusu mdomoni analijua hilo bila kuingia maabara.

Basi kinyaa hufundishwa, na mafunzo yake hayafuati maumbile ya viumbe. Kamba na panzi ni wa ukoo mmoja mkubwa: wote wana miguu yenye vifundo, papasi kichwani na gamba la nje lililojengwa kwa kitini. Anayelipa pesa nzuri kwa mishikaki ya kamba pale Forodhani, Unguja, anaweza kutoka mbio akiandaliwa panzi waliokaangwa. Mpeleke naye mzee wa kijiji cha bara aliyekula senene maisha yake yote, umwekee pweza mwenye mikono minane mezani, uone kama hatauliza kama kweli hicho ni chakula cha binadamu. Watu wa pwani wanamsifu pweza kwa supu yake, tena wanaume ndio wanaoisifu kwa sauti kubwa zaidi. Kati ya mla kamba na mzee huyu hakuna mwenye tumbo dhaifu. Kila mmoja alilelewa na wakubwa waliokula kitu fulani kwa furaha, na kingine hawakukigusa.

Na yaliyofundishwa hubadilika. Wamasai na Wakikuyu wa zamani hawakula samaki, na wapo waliomwona samaki kuwa karibu na nyoka. Mwaka 2009, katika mpango wa kuchochea uchumi, serikali ya Kenya iliamua kuchimba mabwawa 200 ya samaki katika kila moja ya majimbo 140 ya uchaguzi, mengi yakiwa mahali ambapo babu wa wakazi hawakujua mwiba wa samaki ukoje. Si mabwawa yote yaliyodumu; mengine yalitelekezwa fedha za serikali zilipokwisha. Lakini hata kabla ya mabwawa hayo, samaki alikuwa amekwisha kuingia nyumba za Waafrika wa miji ya bara kwa mlango mwingine: hoteli za mjini, mikahawa ya watumishi, mabweni ya shule, majirani waliotoka ziwani. Kijana wa Nyeri alimwona mwenzake wa Kisumu, mwenye kazi nzuri na shati safi, akichambua samaki aina ya ngege kwa vidole, na ngege akaacha kuwa kioja. Makongoro, utumbo na kichwa cha ng'ombe navyo vilikuwa vyakula vya wasiomudu nyama nono. Leo wenye magari huegesha alfajiri kando ya barabara kunywa supu yake.

Wanaanthropolojia waliliona jambo hili zamani. Mary Douglas, Mwingereza aliyeishi na Walele wa Kasai, Kongo, kuanzia mwaka 1949, alikuta kwamba miiko yao ya chakula ilipanga jamii nzima: nini kwa wanawake, nini kwa watoto, nini kwa walioingizwa kwenye makundi ya ibada. Kakakuona aliwatatiza kwa sababu ana magamba kama samaki lakini hupanda miti, tena huzaa mtoto mmoja kama binadamu. Walimla kwa heshima kubwa, waliokubaliwa kundini tu. Katika kitabu chake cha mwaka 1966, Purity and Danger, Douglas alijenga juu ya mifano kama hiyo hoja kwamba tunachokiita kichafu mara nyingi ni kitu kilichokosa mahali pake katika mpangilio wetu.

Kwetu mifano haikosekani. Buganda kuna ukoo wa Nsenene, na watu wake hawali senene, kwa kuwa ndiye mwiko wao. Hawamwachi kwa kumdharau. Wanamwacha kwa kumheshimu kuliko wengine wote. Katika Buganda na Buhaya za zamani wanawake na watoto ndio waliotoka alfajiri kuokota, mume akaandaliwa, na mke, ambaye mwenyewe hakuruhusiwa kuwala, akatarajia nguo mpya kwa shukrani. Padri Otto Mors, aliyeandika juu ya senene wa Buhaya mwaka 1958, aliwakuta wamefungamana na mila za nyumba na ndoa kiasi kwamba kuwazungumzia kama lishe tu kungekuwa kuacha nusu ya habari. Mwiko wa wanawake kutokula umekufa karibu kabisa, na haukuuawa na semina. Wanawake walisoma, wakapata pesa zao, wakanunua senene wao wenyewe.

Dini nayo ina neno lake, na ni jepesi kuliko wengi wanavyodhani. Katika Uislamu nzige ni halali, na Hadithi inamtaja pamoja na samaki kuwa mfu anayeliwa bila kuchinjwa. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa pwani yetu, yanamkubali nzige na kuwakataa wadudu wengi wengine kuwa ni vitu vya kuchukiza. Ya Malik yana upana zaidi. Waislamu wanaokula senene humweka kwenye fungu la nzige. Kitabu cha Mambo ya Walawi, ambacho Wasabato wa Mara na Kisii wanakishika kwa uzito hata kambare asiye na magamba wanamwacha, kinaruhusu nzige na jamaa zake wenye miguu ya kurukia. Yohana Mbatizaji anasimuliwa kuishi kwa nzige na asali ya mwitu. Kumbikumbi, asiyeruka kwa miguu, hapati ruhusa hiyo. Hapa senene amebahatika, na bahati hiyo imemsaidia. Lakini haiwezi kueleza kila kitu, maana hata Wakristo wasiofuata Walawi, wanaokula nguruwe bila wasiwasi, bado kumbikumbi wanamla chini chini.

Tuwatazame wadudu wenyewe kwa karibu. Senene ni aina ya panzi mwenye papasi ndefu, kwa jina la kitaalamu Ruspolia differens. Huja kwa makundi baada ya mvua, hasa Novemba na Desemba, na tena kwa uchache karibu na Aprili na Mei. Masaka, Uganda, ndiko mitego ilikokuwa biashara kubwa. Mabati hupangwa yakiwa yameinamia mapipa, taa kali za mamia ya wati huwashwa katikati, na majani mabichi huchomwa ili moshi uwalevye. Senene wanaifuata taa, wanagonga bati, wanateleza, wanatumbukia pipani. Vijana hukesha hapo usiku kucha, macho mekundu kwa mwanga na moshi, ngozi zikiwa na malengelenge ya wale vijidudu wekundu kwa weusi ambao nao hufuata taa, na ambao Wakenya wanawaita Nairobi fly. Alfajiri magunia yanapakiwa kuelekea Kampala.

Jikoni kazi ni ya subira. Hushikwa mmoja mmoja: mbawa zinang'olewa, kisha miguu, kisha papasi. Wengine hutumia majivu ili vidole visiteleze. Wakishaoshwa huwekwa kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo. Kwanza hutoka maji, maji yakikauka yanatoka mafuta, na hapo ndipo sufuria inapoanza kulia. Kitunguu, chumvi, pilipili kwa apendaye. Wa kijani hugeuka rangi ya dhahabu na hutafunika kwa mlio. Ladha yake ina utamu wa mafuta unaobaki ulimini, na siyo ajabu: watafiti wa Kenya waliowapima senene wa Siaya walikuta, katika uzito mkavu, protini zaidi ya theluthi moja na mafuta yanayokaribia nusu.

Kumbikumbi hudai ufundi mwingine. Magharibi mwa Kenya wako wanaofunika kichuguu kwa blanketi au kwa majani juu ya fito, wakaacha tundu moja linaloishia kwenye shimo, kisha wakaketi kupigapiga vijiti mfululizo, taratibu, kuigiza matone ya mvua. Kumbikumbi hutoka wakidhani mvua imenyesha. Wajaluo wanawala pia askari wa mchwa, wenye vichwa vikubwa na taya kali, ambao huvutwa kwa unyasi unaoingizwa kwenye tundu la kichuguu. Pembezoni mwa Ziwa Viktoria wako wanaokusanya wale vijidudu wanaopaa kama moshi juu ya maji, sami, wakawakanda kuwa mikate. Mpelelezi David Livingstone alikutana na mikate ya wadudu wa namna hiyo katika Ziwa Nyasa, akaiandika katika kitabu cha mwaka 1865. Ujuzi wa kujua ni kichuguu gani kitatoa lini, na kipigwe vipi, uko vichwani mwa wazee, na kila mwaka unapungua kwa sababu kijana anaona haya kuketi kando ya kichuguu akipiga vijiti.

Kwa nini senene alipanda? Alipanda gari la abiria. Wahaya walitangulia kupata shule za misheni na kahawa ya kuuza, wakatawanyika Tanzania nzima wakiwa walimu, madaktari, mahakimu, mapadri. Popote walipokwenda senene aliwafuata, amekaushwa na kufungwa vizuri, na jirani wa Mwanza au Dar es Salaam alimwonjea kwenye sebule yenye makochi. Kampala napo ni mji mkuu, na yanayoliwa mji mkuu huigwa. Wachuuzi wakampima kwa kikombe, bei ikapanda, na bei yenyewe ikawa sehemu ya utamu. Yote hayo yalitokea bila kampeni. Hakuna aliyeambiwa ale senene kwa kuwa ana njaa.

Kumbikumbi hakupata balozi wa namna hiyo. Alibaki kijijini, chakula cha msimu wa mvua ambapo ghala limepungua na mahindi mapya hayajakomaa. Kwa hiyo alishikamana na kumbukumbu ya upungufu. Mtoto aliyekwenda bweni na kopo la kumbikumbi alichekwa, na akirudi likizo alijifunza kukataa. Sokoni Kisumu na Kakamega bado wanauzwa, na wanunuzi wapo wengi. Lakini wanaonunua wanakwenda kula nyumbani, na kwenye hoteli ya mjini hapo hapo, yenye orodha ndefu ya vyakula vya asili kuanzia mboga ya mrenda hadi nyama ya aliya, kumbikumbi hayupo.

Kongo inatuonyesha kwamba haikulazimika kuwa hivyo. Katika masoko ya Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi, viwavi waliokaushwa hupangwa kwa mafungu mwaka mzima kando ya samaki wa kukaushwa, kwa bei inayoshindana na ya nyama. Wanapikwa na mchuzi wa mafuta ya mawese au karanga na kuandaliwa wageni wa harusi. Mkongomani aliyehamia Brussels huwakuta kwenye maduka ya mtaa wa Matongé na anawanunua kwa yuro bila kunung'unika. Kiwavi wa Kongo aliingia mjini pamoja na watu wake, akapata nafasi sokoni kabla mtu hajamfundisha mkazi wa mjini kumwonea haya.

Katikati ya hali hii ndipo ilipokuja sauti ya wataalamu. Mei 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilichapisha ripoti iliyoongozwa na Arnold van Huis wa Uholanzi, ikisema wadudu ni sehemu ya mlo wa watu wasiopungua bilioni 2, na kwamba zaidi ya spishi 1,900 zinaliwa. Ripoti ilieleza kwamba nyenje huhitaji chakula pungufu mara kumi na mbili kuliko ng'ombe ili kutoa kiasi kile kile cha protini. Ile bilioni 2 ilirudiwa kila mahali hadi mwaka 2022, van Huis mwenyewe na wenzake walipoirejea na kukiri kwamba ilipatikana kwa hesabu ya jumla mno, na kwamba wanaokula hasa ni wachache zaidi. Namheshimu kwa hilo. Lakini jambo lililoniudhi katika miaka ile ni namna ujumbe ulivyofungwa: wadudu wakawa jibu la njaa ya dunia, chakula cha siku ambapo nyama itakuwa haitoshi. Kwa mtu anayehangaika kutoka kwenye umaskini, hakuna neno baya zaidi la kukitambulisha chakula.

Waingereza walilijaribu hilo kabla yetu. Mwaka 1885 Vincent Holt alichapisha London kijitabu Why Not Eat Insects?, akiwahimiza wenzake wawale wadudu, na akawafikiria hasa vibarua maskini wa mashambani, ambao wangekula wadudu waharibifu na kuokoa mazao kwa pamoja. Vibarua hawakuwala. Walitaka nyama ambayo bwana shamba alikula, na haki yao ilikuwa kuitaka. Pendekezo la chakula linalotoka kwa mtu ambaye mwenyewe ataendelea na chake halijawahi kuwa na nguvu.

Ulaya ya leo imejaribu njia ya kiwanda. Juni 2021 Umoja wa Ulaya uliidhinisha buu wa unga kuuzwa kama chakula, kisha nzige, kisha nyenje, na mwanzoni mwa 2023 buu wa aina nyingine. Majibu ya Italia yalikuwa makali. Mwaka huo huo serikali ilitangaza amri za kutaka bidhaa zenye unga wa wadudu ziandikwe waziwazi na zipangwe kwenye rafu za peke yake, na mawaziri wakazungumza kama watu wanaolinda tambi na piza dhidi ya uvamizi. Mwitaliano hakuwa na hofu ya protini. Alihisi kwamba mtu wa mbali, ofisini Brussels, anataka kuingiza mkono kwenye chungu cha nyanya yake. Kampuni ya Ynsect ya Ufaransa, iliyokusanya mamia ya mamilioni ya yuro kwa ajili ya ufugaji wa mabuu, ililazimika kuomba ulinzi wa mahakama Septemba 2024.  

Hapa kwetu watafiti walichagua kusaga. Kenya ina nguvu kubwa katika elimu ya wadudu. Icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, kilianzishwa Nairobi mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, mwanasayansi mzaliwa wa nchi hiyo. Bondo, kwenye Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga, kuna kituo cha umahiri kinachoshughulikia wadudu kama chakula na malisho. Maandazi, mikate na biskuti za unga wa nyenje vimeonjeshwa watu wengi, watoto wa shule wakiwemo, na watu wengi wamevipokea vizuri. Naipongeza kazi hiyo, kwa sababu unga huhifadhika, hupimika na huchanganyika na uji wa mtoto. Lakini kumficha mdudu ndani ya biskuti ni kukubali kimya kimya kwamba akionekana ataaibisha. Senene hakufichwa na mtu. Anauzwa akiwa na kichwa chake na macho yake, na anayemnunua huchagua kwa jicho kali kama achaguavyo samaki, akirudisha waliokaangwa vibaya. Nadhani biskuti itafanikiwa zaidi pale ambapo mdudu mzima amekwisha kupata jina zuri.

Heshima hiyo inadai ukweli kuhusu hatari pia. Mwenye mzio wa kamba anaweza kudhurika na wadudu, kwa sababu ya ule undugu wao. Nchini Nigeria viwavi wa aina ya Anaphe, wakiliwa kwa wingi na watu wenye upungufu wa vitamini B1, wamehusishwa na ugonjwa wa kutetemeka na kuyumba, maana wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini hiyo. Nzige wa jangwani walipovamia Kenya kati ya mwisho wa 2019 na 2021, uvamizi mbaya kuliko wote kwa miaka 70, dawa walizopuliziwa ziliwafanya wasifae kuliwa, na FAO ilionya waziwazi. Mradi mmoja ulinunua nzige kutoka kwa wanakijiji wa Laikipia na jirani kwa shilingi 50 za Kenya kwa kilo, ukawasaga kuwa malisho ya mifugo. Ufugaji mwingi wa wadudu unaokua sasa Afrika Mashariki unaelekea huko huko: funza wanaolishwa mabaki ya chakula ili wawe malisho ya kuku na samaki. Ni jambo jema, hasa likipunguza dagaa wanaosagwa kwa ajili ya kuku huku watoto wakikosa mboga. Ila tusijidanganye kwamba limebadilisha mtazamo wa mtu yeyote kuhusu kula mdudu.

Senene, kwa upande wake, amefika mahali penye ugumu mpya. Miaka ya karibuni wavunaji wa Masaka na Bukoba wamelalamika kwamba makundi yamepungua. Nyasi za mabondeni anakozaliana zinalimwa na kujengwa, na taa zinakesha zikimwita kila msimu bila kumwacha apumzike. Watafiti wa Makerere wanajaribu kumfuga, lakini bado mwitu ndio unaolisha soko. Uadimu wake unapandisha bei, na bei inamwondoa kwenye sahani ya yule aliyemwokota. Mama wa kijijini akipata kikombe cha senene alfajiri anajua mjini kina wanunuzi, na kwa pesa hiyo atanunua unga, sukari na daftari. Anafanya hesabu sahihi. Lakini mwanawe, ambaye ndiye mwenye mwili unaojengeka, anakula ugali kwa mchicha. Vijitabu vya Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania vinawataja senene, nzige na kumbikumbi kwenye kundi moja na nyama, samaki na maini. Ukweli huo umekwisha kuandikwa na serikali, na ungepaswa kusemwa kliniki kwa sauti ile ile inayosema yai na maziwa.

Ndiyo maana namrudia kumbikumbi. Yeye hahitaji umeme wala mapipa. Kichuguu chake kikiachwa bila kubomolewa wala kumwagiwa dawa kinaweza kutoa mwaka baada ya mwaka, na wanaojua kukivuna bado wapo Vihiga, Siaya, Tarime na Gulu. Akikaushwa juani, akapepetwa mbawa kwenye ungo na kufungwa kwenye pakiti yenye jina la kijiji alikotoka na tarehe ya kukaushwa, hana upungufu wowote wa kumzuia asikae karibu na korosho dukani. Wenye hoteli za vyakula vya asili Kisumu wangeanza kwa kumwandika ubaoni, kwenye mstari wa juu, na bei yake isiwe ya kutupa.